Vioo Vitano Nilivyovisugua kwa Ndimu

Mwanangu Nyamizi,

Ni Ijumaa, saa nane na robo mchana. Nimekaa dukani nyuma ya meza ya kutengenezea redio, na mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimeenda kula. Wewe uko Misunkumilo kumuaga bibi yako. Kwa ninavyomjua mama yangu, hakuachii kabla hujala mara mbili na kufungiwa karanga za njiani, kwa hiyo nina saa mbili za kuandika, labda mbili na nusu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linakuchukua kwenda Dar, na kutoka Dar ndege inakupeleka Ujerumani, na mimi nitabaki hapa Mpanda nikiwaambia watu habari zako mpaka wanikimbie.

Mambo ya koti, ya dawa, ya pasipoti isikae kwenye begi la juu, ya kutokula kitu usichokijua jina, mama yako ameshayasema yote, tena kwa sauti ambayo hata Mwamkulu wameisikia. Sirudii. Mimi ninalo moja tu, na kwa sababu ya hilo moja nimeianza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilianza na habari za Lusaka, jinsi nilivyowasha nyumba ya wageni nzima kwa betri mbili za lori. Nimeichana. Ya pili ilianza na Lubumbashi. Nimeichana pia. Ukiona baba yako anaanza na safari zake, ujue kuna kitu anakizunguka.

Kitu chenyewe ni hiki. Vile vioo vyako sita vilivyo kwenye kopo la biskuti, vitano nimeviharibu. Leo asubuhi, kwa mikono yangu hii.

Najua ni vioo gani. Najua ndivyo alivyoviona yule profesa wa Ujerumani kwenye picha na vipimo ulivyomtumia akasema, huyu aje, na avilete. Najua mashine ya chuoni iliyovipaka lile tabaka la kupitisha umeme imekufa na fundi wake hajapatikana, kwa hiyo vingine haviwezi kutengenezwa kabla ya safari. Uliniambia yote hayo, na nilikuwa nimekaa karibu yako kabisa.

Ilivyokuwa ni hivi. Ulipopanda pikipiki tu asubuhi, nikalitoa kopo ndani ya begi lako. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuliwekea pamba, maana ulikuwa umevifunga kwa karatasi ya chooni, na mimi barabara ya kutoka hapa mpaka Tabora naijua kwa makalio yangu. Nikalileta dukani. Ningeweka pamba nikafunga, sasa hivi ningekuwa naandika barua ya baba wa kawaida. Lakini unanijua. Nilivipanga vyote sita juu ya kitambaa cheusi, pale kwenye kabati ninapowekea simu za watu, nikaanza kuita.

"Njooni muone nyie! Kioo kinachopitisha mwanga kama dirisha na umeme kama waya! Hakijanunuliwa hiki. Aliyekitengeneza amelelewa nyumba ile pale!"

Watu wakajaa. Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye mlio, nikagusisha zile ncha mbili juu ya kioo cha kwanza. Piii. Wakapiga makofi. Cha pili, piii. Mama wa maandazi akasema, "Volti, huo ni uchawi wa kizungu." Nikamjibu, "Ni uchawi wa Kikonongo, mama. Wazungu wanausubiri." Mwanangu, nilikuwa mrefu kuliko mnara wa simu.

Sasa Mzee Shabani wa duka la vitambaa, yeye hakupiga makofi. Alikichukua kimoja kwa kucha mbili, taratibu, akakiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja kama anayekagua hariri.

"Fundi, hongera sana. Lakini mbona vina ukungu?"

"Ukungu gani, Mzee Shabani?"

"Huu hapa. Kama kioo kilichopumuliwa na ng'ombe. Mtoto anaenda kwa watu wanaoosha hata mbwa kwa shampuu, wewe unampa vioo vya vumbi?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akaongeza, "Volti, hata maji ya kuoshea huna?" Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wananicheka mimi.

Jibu lilikuwepo. Ulinipa mwenyewe Jumapili, umekaa juu ya ile ndoo niliyoipindua, mimi nikiwa nachomelea waya. Nimekaa hapa tangu saa tano nalikumbuka neno kwa neno, na hicho ndicho kinachoniuma, kwamba maneno yote yalikuwemo kichwani. Ulisema:

"Baba, kwenye paneli ya sola lile tabaka linalotengeneza umeme ni jembamba mno. Mwanga ukiingia kupitia kioo laini unapita moja kwa moja, unatokea upande wa pili, haujafanya kazi. Ni kama soko la Majimoto. Njia ikinyooka, mtu anapita na pikipiki yake hajanunua kitu. Vibanda vikikaa ovyo, anapinda huku, anapinda kule, mpaka atoke amenunua hata asichokitaka. Sasa huu ukungu unaouona ni vishimo vidogo sana. Nimevichimba makusudi, ili mwanga upotee njia."

Nikakuuliza, "Unavichimba kwa nini, sindano?"

"Kwa asidi, Baba. Dhaifu tu, kama ndimu. Nachovya kioo, nahesabu sekunde, natoa, nasuuza. Nikizidisha, asidi inakula tabaka lote la kupitisha umeme, nabaki na kipande cha dirisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa kabla hujamaliza."

Ndivyo nilivyokujibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nautazama mdomo wako unavyokwenda na kuwaza nitakavyowasimulia watu. Nilisikia soko la Majimoto. Ndimu sikuisikia.

Kwa hiyo nikaenda kwa mama wa maandazi, nikachukua ndimu. Nikazikamua kwenye bakuli, nikavilaza humo vioo vitano, vikakaa muda wa kutosha mtu kusimulia safari ya Bujumbura, maana niliisimulia. Halafu nikavisugua kwa majivu na ile stilwaya ya kusugulia sufuria. Ukungu ukaondoka. Vikang'aa. Mzee Shabani akasema, "Naam, sasa hivyo ndivyo vioo." Cha sita kilipona kwa sababu ndimu ziliisha na mteja wa chaja akaingia. Hakuna sababu nyingine. Usije ukafikiri nilikuwa na busara iliyobaki.

Nikarudi na mita kuwaonyesha tena. Nikagusa cha kwanza. Kimya. Cha pili, kimya. Nikagusisha zile ncha zenyewe kwa zenyewe, piii, mita nzima. Nikarudi kwenye kioo, kimya. Nikaenda kwenye kile cha sita chenye ukungu, kikalia.

Mimi nimewahi kurushwa na umeme mpaka nikaangukia upande wa pili wa bati. Nimewahi kushuka na lori lisilo breki kule milima ya Lyambalyamfipa, dereva anasali, mimi namwimbia. Sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa ule ukimya. Na unajua niliwaambiaje watu? Niliwaambia, "Betri ya mita imekwisha. Nendeni mkafanye kazi." Wakaondoka wakinisifu.

Hapo ndipo palipoanza sehemu mbaya zaidi. Ningeishia pale, nisingechana barua mbili.

Nilifunga duka. Nikachukua kioo cha luva, kile kilichobaki tulipotengeneza dirisha la jikoni, nikakikata kwa almasi yangu vipande vitano, vipimo vile vile. Unajua mkono wangu kwenye kioo, siutaki ushahidi wa mtu. Nikachukua msasa laini, nikavipiga upande mmoja kwa maji, polepole, mpaka vikapata ukungu. Nyamizi, vilitoka vizuri. Nikaviweka pamoja na kile cha sita kwenye kitambaa cheusi, mimi mwenyewe nikachanganyikiwa, ikabidi nichukue mita ili nijue kipi ni kipi. Nikawaza: atafika nalo kopo lake limefungwa, atalifungulia huko huko, na huko vitu vingi huharibika safarini. Watasema ni baridi. Watasema ni ule mtambo wa kumulika mizigo. Watasema lolote. Hakuna atakayesema ndimu.

Nikaviweka kwenye kopo, na pamba juu. Halafu nikaanza kuandika. Hii ya tatu nayo nilipanga nikupe kesho ukiwa umeshapanda, nikuambie, usiifungue mpaka mpite Tabora. Mbali kiasi kwamba huwezi kushuka. Hata sikuwa na hakika kama ningekiandika hiki ninachokiandika, au ningekuandikia tu kwamba nakupenda, na uchunge pua yako na baridi.

Sasa ngoja nikusimulie habari ya Masanja. Humjui vizuri, ulikuwa na miaka kumi.

Enzi zile nilikuwa nauza zile paneli za kahawia, kioo mbele kioo nyuma, hazina fremu, nyepesi kubeba na nyepesi kupasuka. Masanja, Msukuma mmoja wa Majimoto mwenye mashamba ya mpunga, rafiki yangu wa kweli, aliagiza moja. Alikuwa amejitengenezea kisanduku cha kutotoleshea mayai, kinataka joto dogo la kudumu, na betri yake ilitaka kujazwa kila siku. Nikaifunga paneli kwenye pikipiki. Kabla ya kufika, kwenye kijito, tairi likateleza, tukalala wote watatu, mimi, pikipiki na paneli. Nilipoikagua ilikuwa na ufa pembeni, mfupi kama kidole. Ilikuwa bado inatoa umeme. Nilikuwa na gundi ya vioo vya magari mfukoni. Nikaupaka ule ufa, nikaufuta ukapotea, nikafika kwa Masanja nikishangilia. Nilimwambia, "Hii paneli, ndugu yangu, itakuzika."

Akawaita majirani. Wanawake watano wakaleta mayai ya kuku wao, kila mmoja na alama yake kwa mkaa: huyu msalaba, huyu duara, huyu mistari miwili. Waliyaweka kwenye kisanduku kama watu wanaopeleka watoto shule.

Mvua zilipoanza, maji yakaingia kwenye ule ufa. Wewe utajua kwa nini kuliko mimi. Mimi niliona tu kwamba lile tabaka la ndani ya kioo lilianza kubanduka, mabaka mabaka, kama ngozi yenye ugonjwa, na umeme ukapungua siku hadi siku bila mtu kujua. Mayai yakapoa yakiwa yamebakiza siku chache. Masanja akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, haikuwa ya mtu anayedai.

"Fundi, paneli imeshindwa. Njoo uiangalie."

Nikaenda. Nikaiangalia. Nikaona ufa wangu na gundi yangu. Wale wanawake watano walikuwa wamesimama pale na mayai yao kwenye khanga, msalaba, duara, mistari miwili, yote yananuka. Nikamgeukia Masanja mbele yao nikasema, "Umeiweka kwenye kivuli, wewe. Na umeiosha kwa maji ya moto. Paneli haitaki hivyo. Mimi nilikufundisha."

Hakuiosha kwa maji ya moto. Alinitazama, akainamisha kichwa. Alikuwa ananiamini kuliko alivyoyaamini macho yake, maana mimi ndiye fundi niliyefika Lusaka. Mwanamke mmoja akamwambia, "Masanja, kumbe ni wewe umetuulia vifaranga." Akasema, "Ni mimi, dada. Mnisamehe."

Hayo peke yake yangetosha. Lakini baada ya miaka miwili tukakutana pale Majimoto siku ya soko, mimi nikatafuta pa kujificha, yeye akanikimbilia kwa mikono yote miwili. Akasema, "Fundi, sijapata nafasi ya kukuomba radhi. Ile paneli yako nzuri niliitumia vibaya, nikakuharibia jina." Ameshika mkono wangu. Kiroba cha mchele kiko kichwani kwa mke wake nyuma yake, ni zawadi yangu, ameniletea. Nikamwambia, "Usijali, Masanja. Yamepita."

Nikaupokea ule mchele, mwanangu. Na wewe uliula.

Ile paneli iliyokufa niliirudisha hapa nyumbani nikaivunja ili nisiione tena. Wewe ukaokota kipande. Ulikuwa umevaa ile sketi ya shule yenye kiraka. Ukakifuta kwa mate, ukakifuta kwa sketi, ukaniuliza, "Baba, mbona huu ukungu wa ndani haufutiki?" Sikujua. Lakini lini umenisikia nikisema sijui? Nikakujibu, "Ni uchafu wa kiwandani." Ukakaa na kipande hicho miaka mingi kwenye kibweta chako pamoja na hereni za plastiki. Halafu ukaenda shule, ukaenda chuo, likizo moja ukaja ukakaa pale pale mlangoni, ukasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Baba, ule haukuwa uchafu. Ndiyo kazi ninayotaka kuifanya." Mimi nikasema, "Nilijua. Nilikuwa nakupima akili." Ukacheka, ukaniacha nishinde. Umeniacha nishinde mara nyingi sana, Nyamizi. Nimegundua leo kwamba ulikuwa unanihurumia.

Na leo nimevisugua vioo vyako kana kwamba ule uongo wangu wa zamani ulikuwa kweli. Nilikudanganya ukiwa na miaka kumi, wewe ukapona. Mimi sikupona.

Niliacha kuandika hapo dakika chache. Mama yako aliingia.

Ameshatoka, naendelea kuandika. Alikuja kuchukua lile sufuria kubwa kwa ajili ya pilau ya jioni, wageni wa kukuaga wataanza kufika saa kumi na moja. Akaliona kopo mezani.

"Baba Nyamizi, hivi si vya mtoto?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Umeviwekea pamba? Afadhali. Nilitaka nikuambie."

Akafungua. Akavitoa vile vya luva na kile cha sita, kimoja kimoja, kwa vidole vyenye harufu ya vitunguu, akafuta mikono kwanza kwenye khanga ndipo akavishika tena. Akaniuliza, "Ndivyo hivi vinavyompeleka mwanangu?" Nikasema ndiyo. Mara ya pili hiyo. Akavua kitambaa chake cha kichwani, kile cha kanisani, akakichana, Nyamizi, mimi nikiwa natazama, akakichana vipande sita, na kila kioo akakifunga na chake. Alipomaliza akaweka kiganja juu ya kopo akafumba macho. Sikusikia maneno. Midomo tu ilikuwa inakwenda.

Halafu akasema, "Mbona unanitazama hivyo?"

"Vitunguu," nikamwambia. "Vinaniwasha macho."

Akacheka, akabeba sufuria lake, akatoka.

Nilikaa. Nikaona Masanja amesimama pale alipokuwa amesimama mama yako, ameshika vitu vibovu kwa mikono yote miwili na anaviamini kwa sababu yangu. Huko Ujerumani ungesimama wewe hivyo hivyo. Wangekuuliza, umevihifadhije? Na wewe kwa tabia yako ungetafuta kosa lako mpaka ulipate. Ungesema, labda sikuvifunga vizuri. Ungeniandikia uniombe radhi kwa kuniharibia jina hapa Mpanda, na mimi ningekujibu, usijali, yamepita.

Sitaki mchele mwingine wa namna ile.

Kwa hiyo nimefanya mambo haraka, na nakuandikia jinsi nilivyoyafanya ili usilazimike kukisia. Vile vitano vya luva nimevifungua, nimevipiga nyundo, viko kwenye ndoo ya taka chini ya meza, unaweza kuviona. Vile vitano vyako halisi, vilivyokufa, nimevirudisha kwenye kopo, navyo nimevifunga kwa vile vile vitambaa vya mama yako, kwa sababu maombi yake sikuyaona kuwa ya kutupa. Huenda huko kuna mtu anayeweza kusoma kitu hata kwenye kioo kilichooshwa. Sijui. Umeona? Nimeliandika. Sijui. Halijaniua.

Cha sita, kizima, nimekifunga peke yake na fundo la uzi mwekundu. Nimekigusa na mita mara moja tu, pembeni, nikakiacha. Kama kimoja kinatosha, au kama hakitoshi na safari inavunjika, hilo siwezi kulijua mimi, na sitajifanya. Wewe utajua.

Na barua hii haitasubiri Tabora. Nakupa leo, ukishuka tu, kabla wageni hawajafika, kwa sababu leo ni Ijumaa na yule mwalimu wako wa chuo huko Dar bado yuko ofisini kwake, ukimpigia saa hii utampata. Huenda alibakiza vioo vingine kama hivi kabatini. Huenda atamwandikia yule profesa kabla hujapanda ndege. Kama ningekupa kesho kwenye basi ungekuwa na siku mbili za kulia na usiwe na mtu wa kumpigia. Nilitaka kukuibia hata hiyo Ijumaa. Wakikuuliza huko nani aliyeviharibu, sema ni baba yangu, fundi wa Mpanda, kwa ndimu. Sema hivyo hivyo. Wacheke. Mimi nimeshachekwa na watu wa nchi nne.

Jambo la mwisho, halafu nanyamaza. Utakaa na watu wenye akili nyingi kuliko mimi, na kuliko wewe pia kwa mwanzo, usikasirike. Watakueleza kitu, halafu watakuuliza, umeelewa? Hapo pana sekunde moja hivi. Mimi nimeipoteza ile sekunde maisha yangu yote, nimejibu haraka ili nionekane. Wewe unazihesabu sekunde kwa kazi, unajua kioo kinaingia lini na kinatoka lini. Ihesabu na hiyo.

Kuhusu Masanja: kesho basi likishapita kizuizi, naipiga moto pikipiki naenda Majimoto. Sijajua nitasemaje. Na wale wanawake watano sijui kama bado wapo wote, lakini alama zao nazikumbuka, na nitaanza na mwenye msalaba. Nilitaka kukuficha hili ili usidhani nafanya ili unisamehe. Halafu nikaona nimeshaficha ya kutosha.

Mama yako nimemwita, anafuta mikono huko jikoni nyuma ya duka na ananiuliza kuna nini, nimemwambia njoo ukae tu. Sijamwambia bado. Nataka asikie ukiwepo, ili nisipate nafasi ya kupunguza chumvi.

Nasikia pikipiki. Inapunguza mwendo pale kwenye tuta, ni ile ile iliyokuchukua asubuhi, naijua kwa bomba lake lililotoboka. Una mfuko wa karanga mapajani, bila shaka.

Ingia. Kunywa maji. Usinisalimie kwanza. Kopo liko mezani, mita iko juu ya kopo, na barua hii iko chini ya mita. Ukishaisoma usiniamini kwa maneno, fungua vitambaa upime vyote sita wewe mwenyewe, kimoja kimoja, mbele yangu na mbele ya mama yako. Vitano vitakaa kimya. Kimoja kitalia.

Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, sitasema kitu mpaka wewe useme.

Baba yako,
Volti